Mkono Ulioinuliwa

Mzee Mbaruku alikwenda kumjulia hali bintiye Mwanaidi, aliyeolewa mwaka uliopita. Wakiwa wanakunywa chai pamoja na mume wa binti, nzi akatua begani kwa binti, naye mzee akainua mkono amfukuze. Papo hapo Mwanaidi akajikunyata, akaficha uso kwa viganja. Chai ikamwagika mkekani.

"Huyu naye kwa woga!" mumewe akacheka.

Mzee hakucheka. Tangu amzae hakuwahi kumpiga hata kofi. Akaushusha mkono wake polepole.

"Mwanangu, vaa viatu twende nyumbani."

"Kwake ni hapa, baba," mkwe akajibu kwa upole.

Mwanaidi akatia mguu mmoja kwenye kiatu, kisha akamtazama mumewe usoni, akingoja.