Nauli ya Kwenda Osaka

Wazazi wenzangu, watoto wakitaka kuzunguka Japani bila pesa, wazuieni. Treni za kule siku hizi zinapokea kumbukumbu badala ya nauli. Binti yangu Zamzam na shoga yake Riziki walifika mpaka Osaka kwa mtindo huo.

Zamzam aliporudi nilimpikia samaki wa kupaka, chakula alichokuwa akikililia tangu mdogo. Akala, akanawa.

"Kitamu, mama. Kinaitwaje?"

Riziki, aliyekuja naye, akainamisha kichwa. "Alilipa kumbukumbu za nyumbani, mama. Alisema nyumbani atapakuta tu."

Simlaumu, ugenini miguu huchoka. Ila jana Zamzam kaja kunikalia karibu, kanishika mkono.

"Mama, tunataka kurudi Japani. Mzazi anaruhusiwa kumlipia mtoto, nawe unazo kumbukumbu nyingi za utoto wangu."