Somo Yake Tausi

Televisheni iliandika tena: TAUSI haipatikani.

Mwatumu alikaa na rimoti mapajani, macho yamemjaa maji. Kompyuta ilikuwa pale pale kwenye kona ya sebule, imewashwa, na video za mwanawe zimo ndani: Tausi akicheza kwenye harusi ya shangazi yake, Tausi akimenya chungwa huku akicheka mpaka kisu kinamponyoka. Tangu mtoto apotee, kuzitazama kwenye kioo kikubwa ndiko kulikomtuliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kompyuta ya nyumbani ipewe jina la binti yake, kila akiwasha televisheni alione. Sasa jina lenyewe halikai. Likirudishwa leo, kesho limegeuka TAUSI-2, na televisheni haiijui.

"Kama kuna mtu ananicheka," alimwambia mumewe.

Masoud alimshika bega. "Mashine tu hiyo, mke wangu. Mwite fundi." Alipofika mlangoni akageuka. "Na ukisikia lolote la mtoto, nipigie mimi kwanza. Usihangaike peke yako."

Mume wa namna hiyo angempata wapi? Tausi hakuwa damu yake, alimkuta msichana mkubwa, lakini ndiye aliyezunguka kubandika picha zake mpaka Kigombe. Ndiye aliyemwona mara ya mwisho, stendi ya Muheza, akipanda gari na kijana asiyemfahamu. Polisi nao wakalishika neno hilo, msako wote ukaelekea huko.

Mwatumu hakushangaa. Siku zile za mwisho Tausi alikuwa amebadilika. Msichana wa chuo, mtu mzima, anachukua sahani yake anakwenda kula chumbani, mlango kaufunga kwa ufunguo.

"Unamfungia nani?" mama yake alimgombeza. "Humu si tuko wenyewe?"

Tausi akageuza ufunguo. Mwatumu akajua ni mambo ya mvulana. Haikupita wiki mtoto akaondoka na begi la chuo na laptopu yake, simu akaiacha kitandani.

Fundi Anold alifika kabla ya adhuhuri. Akavua viatu, akatoa shikamoo, akakataa chai kisha akainywa. Alibonyeza bonyeza, akafungua orodha ya vyombo vyote vinavyotumia intaneti ya nyumba ile, akaguna.

"Mama, mashine yako nzima. Ila mashine mbili haziwezi kuitwa jina moja mahali pamoja. Moja itajiongezea namba. Hii yako ina somo yake."

"Somo yake? Somo gani tena, mwanangu?"

"Ipo nyingine inaitwa TAUSI. Ikiwashwa, hii yako inaipisha. Ikizimwa, ukiirudishia jina inakubali. Ndiyo mchezo wenyewe huo."

Rimoti ilimponyoka Mwatumu. "Laptopu ya mwanangu iliitwa hivyo. Aliiandika kwa mkono wake."

"Basi imewashwa sasa hivi, na neno la siri la intaneti yenu bado inalikumbuka."

"Iko wapi?"

Anold alijikuna kichwa. "Haiwezi kuwa mbali, mama. Mawimbi yake hayavuki nyumba mbili."

Mbele ni barabara. Ubavuni kiwanja kitupu, msingi umeota majani. Ubavu wa pili msikiti mdogo, na saa hizo umefungwa. Nyuma, ukuta kwa ukuta, ni kwa Mama Queen. Mama Queen yule anayemletea maandazi na kumwambia, "Mungu hajalala, mama Tausi." Lakini siku hizi humsemesha akiwa amesimama katikati ya mlango, wala hamkaribishi ndani.

Mwatumu hakuaga. Alitoka peku, kanga begani, simu sikioni.

"Mume wangu! Tausi yuko hai! Yuko kwa Mama Queen, hapa nyuma!"

"Usimwambie mtu," Masoud akasema. "Nakuja."

Mzazi gani asingepiga simu ile?

Mama Queen alimwona akija, akamkinga kwa mikono miwili. "Ngoja, mama Tausi. Ngoja kwanza nikwambie."

"Uniambie nini? Miezi yote hii nalia mbele yako, unanipangusa machozi na mwanangu umemweka ndani!"

Alimsukuma, akapita. Chumba cha uani, pazia la maua. Tausi alikuwa ameketi juu ya godoro, laptopu magotini, amekonda mashavu yote.

"Mwanangu."

"Mama!" Tausi aliinuka, mikono ameinyoosha, uso wote umemfunguka. Wakakumbatiana wakayumba. Mwatumu alimnusa nywele kama alivyokuwa akimnusa akiwa mchanga. Kisha msichana akaiona simu, bado inawaka mkononi mwa mama yake.

"Mama, nani anajua uko hapa?"

"Baba yako, nani tena! Nimempigia, anakuja. Alivyokutafuta yule, mwanangu, mpaka viatu vimemwishia."

Mikono ya Tausi ilishuka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagota ukutani. Huko nje Mama Queen alikuwa ameshakimbilia mlango wa uani, anahangaika na komeo lililokataa kuingia.

"Mwatumu," alisema bila kugeuka, "unadhani nilikuwa namficha asionwe na nani?"

Pikipiki ilizimwa nje ya ukuta.

"Hodi," akaita Masoud, kwa upole wake ule ule. "Hodi humu ndani."