Mwanafunzi wa Alhamisi

"Hivi wewe kijana, huyo mama bado hajaokoka tu?"

Msusi ndiye aliyeuliza hivyo siku moja, amekaa kibarazani kwake, kichwa cha mteja kati ya magoti. Kijana mmisionari akajifanya hakusikia. Akabisha hodi mlango wa pili, kwa fundi cherehani.

"Ningefundishwa mimi kila Alhamisi namna hiyo," msusi akamwambia mteja wake, "saa hizi ningeshaota mabawa." Wakacheka wote wawili.

Maneno yale yalimchoma kijana kila wiki, kwa sababu zaidi ya mama yule hakuwa na mtu. Jumatatu alifagia kanisa na kupanga mabenchi. Jumanne alizunguka wodini, wagonjwa wakamgeuzia migongo. Jumatano ilikuwa siku ya milango. "Leo hatununui!" walimwambia kabla hajafungua mdomo, naye akabaki anausalimia ubao wa mlango. Ijumaa watoto walijaa darasani kwake kwa ajili ya mpira uliokaa chini ya meza. Mpira ukapasuka, na darasa likaisha. Jumamosi alifua shati lake jeupe, ili Jumapili asimame mbele ya wenzake aulizwe kama amepata mtu, ajibu, "Bado."

Fundi cherehani alikuwa mjane. Akisikia hodi alisimamisha mashine, akaondoa sare za shule zilizolundikana kitini, akamkalisha kijana dirishani penye hewa. Alisikiliza kama mtu mwenye kiu. Kijana akiwa bado anatafuta maneno ya kusema tuombe, yeye alishafumba macho. Lakini wakifika mwisho, palepale pa kuamua, alitikisa kichwa.

"Hapo sijapaelewa vizuri, mwanangu. Wiki ijayo unirudie taratibu."

Kijana akimwalika kanisani, alisema Jumapili ana mahali pake pa kwenda, ng'ambo ya mji. Kisha alileta chakula, akakaa kumwangalia akila.

"Huko kwingine wanakupa hata maji?"

"Wengine wanatoa, mama."

"Usinidanganye."

"Hawatoi."

Mama akageuza uso, akainama kuokota vipande vya uzi sakafuni.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Anayefundishwa akishaamini, mzee wa kanisa humfuata nyumbani kumwuliza maswali, Jumapili anabatizwa, na mmisionari anapewa nyumba nyingine. Mmisionari asiyepata hata mmoja hurudishwa kwao. Na kwao kijana huyu alikuwako baba, muuza nyama, ambaye hakutaka aende. "Nenda," alimwambia mbele ya wateja, kisu mkononi. "Lakini ukirudi mikono mitupu, usipite hata mbele ya duka langu."

Ikafika Alhamisi ambayo kijana aliingia, akakaa, hakufungua kitabu.

"Leo sina somo, mama."

"Unaumwa?"

"Jumapili hii nisipopeleka mtu majini, Jumatatu narudishwa." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Niambie tu ukweli. Ni mimi sijui kufundisha? Usiku nalala naomba, Mungu wangu, hata huyu mmoja? Nimekosea wapi, mama?"

"Hujakosea popote."

"Basi kwa nini huamini?"

Mkono wa mama ulikuwa kwenye gurudumu la cherehani. Alilisukuma, likazunguka tupu bila kitambaa, sindano ikapanda na kushuka, mpaka likasimama lenyewe.

"Mwambie mzee wa kanisa aje," alisema mwishowe. "Mungu atanisamehe."

Kijana alipiga magoti palepale kwenye vipande vya nguo. Aliyasikia maneno yale kuwa ya mwenye dhambi aliyegeuka, akamshukuru Mungu kwa sauti, akalia, akacheka, akatoka bila kula. Msusi alipomwita amtanie, alimpungia mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Jumamosi mzee wa kanisa aliamka na homa. Lakini msimamizi wa wamisionari wote alikuwa amefika mjini kwa ajili ya ubatizo, akasema atakwenda yeye. Kijana akaona baraka juu ya baraka. Njia nzima alitembea hatua moja mbele, akimwonyesha madimbwi ya kuruka.

Akabisha hodi. Mama akafungua, amevaa gauni jipya, uso umejiandaa kutabasamu. Alipoona ni nani amekuja, akashika mwimo wa mlango.

"Mama! Kumbe ulihamia huku?" Msimamizi akamshika mikono yote miwili. "Tangu siku ile uliyomleta mwanao tukamwekea mikono aende umisionari, sijakuona tena kanisani! Hajambo kabisa, juzi nilikuwa naye. Amekonda kidogo, watu wa kule ni wagumu. Ila anasema amepata mama mmoja anayemfungulia mlango kila wiki, anamsikiliza mpaka mwisho."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akafungua Biblia yake.

"Haya kijana, tusimchoshe mama wa watu. Huyo mwanafunzi wako yuko wapi? Mwite tumwulize maswali."

Kijana alimtazama mama. Mama alitazama sakafu. Kijana akachukua mkoba wake, akatoka.