Kifyatulio cha Mama Eliapenda

Sheria iliruhusu kila nyumba iunde bunduki yake ya ulinzi, mradi mume atunze mtutu, mke atunze kifyatulio, na visiunganishwe mpaka wote wawili waridhie. Nakijwa alikificha chake ndani ya kopo la magadi.

Jioni moja mumewe, Mbonea, alirudi amefura, akaubwaga mtutu mezani.

"Mama Eliapenda, lete kifyatulio."

"Kuna mwizi?"

"Nimesema lete!"

Nakijwa aliendelea kusonga ugali. "Sheria inataka wawili, Baba Eliapenda. Jana nilikataa, leo nimekataa, na kesho nitakataa. Kaa ule."

Mbonea alikaa. Macho yake yakawa yanapita kabatini, kopo moja baada ya jingine. Nakijwa akampakulia, lakini mwiko hakuuweka chini.