Mama Euphrasie, Ingia!

Mara ya kwanza waliponipandikiza mimba, waliniwekea muziki wao wa kliniki: kinanda cha taratibu na maji yanayochuruzika. Na mimi kibofu kimejaa, kama walivyoniagiza wenyewe! Nilibana miguu mpaka kila kitu kikauma. Mimba haikushika.

Leo nimekuja na simu yangu. Kwaya yetu ya kanisa, huku Woolwich, Uingereza, imenirekodia wimbo, na pale pa sauti yangu wakaacha wazi.

Nikabonyeza, ngoma ikaanza kwenye simu. Chuma baridi kikaingia, nikang'ang'ania kingo za kitanda. Daktari akainua mrija mwembamba kama uzi, uliobeba kiinitete, chanzo cha mtoto.

"Uko tayari?"

Kabla sijajibu, kiongozi wa kwaya akapaza sauti ndani ya simu, vile anavyofanya kila Jumapili, maana mimi huchelewa kuanza: "Mama Euphrasie, ingia!"

Nesi ni Mwingereza, lakini neno moja, "mama", alilielewa. "Kumbe wewe ni mama? Mbona hukutuambia?"

Kwetu Kongo mwanamke mzima huitwa mama, hata kama hajazaa. Kwa miaka jina hilo limenichoma kila nilipoitwa. Ningeweza kumweleza nesi hayo yote.

Nikaachia kitanda. Magoti yakalegea yenyewe.

"Ndiyo," nikamwambia. "Wananiita mimi."

Nikamwashiria daktari aendelee, nikavuta pumzi, nikaingia na sauti yangu.

Safari hii sikuchelewa.