Mafuta ya Risasi Moja

Kila msimu wa kuwinda Somoe alimchemshia mumewe Mfaume nta ya nyuki na mafuta ya kondoo, ya kupaka risasi za gobore, akamjazia pembe tele. Leo Mfaume alitaka ya risasi moja tu.

"Moja, shemeji? Nguruwe gani huyo?" jirani alitania, na jiko zima likacheka.

Mfaume alimtazama binti yao Zuhura, aliyerudi asubuhi kutoka kwa mumewe, jicho limevimba. Kicheko kikakatika.

"Yameganda?"

"Bado, Baba Zuhura."

Yakiganda tu, ataondoka. Somoe akazidi kukoroga na kuchochea moto mpaka kuni zikamwishia.

"Bado?"

Zuhura akainuka, akampa mama yake kigoda alichokalia, kiwe kuni.