Kidani cha Makame

Uvumi ulioanzia msibani kwa jirani ulimganda Bi Mwanamvua: eti marehemu alikwisha kuzikwa, lakini kidani chake kule chumbani kiliendelea kuitikia hodi.

Siku hizo kila mtu alivaa kidani shingoni, kikiyachukua maneno yake na kuyatoa kwa sauti nyororo. Kukivua mbele ya mzazi kulikuwa sawa na kuvua nguo.

Kisha mwanawe Bi Mwanamvua, Makame, akaacha ugali. Akawa anakunywa uji tu, tena kwa kukunja uso.

"Mwanangu, koo linauma?"

"Ah, mama nawe! Sauti hii ina ugonjwa?"

Sauti ilikuwa tamu kama ya muadhini. Bi Mwanamvua akamfungua kidani kwa nguvu. "Haya, sema sasa!"

Ukatoka mkwaruzo, kama sufuria inayokwanguliwa ukoko.

Hospitalini, daktari akamulika koo, akakata kinyama, kikapimwa. "Ni saratani, mama. Mngekuja sauti ilipoanza kukwaruza, huenda mionzi ingetosha. Sasa lazima tuondoe kisanduku cha sauti."

Makame alipona. Anapumulia tundu la shingoni, na kidani ndicho kinachomsemea. Ila asubuhi kidani humwambia Bi Mwanamvua, "Shikamoo," naye huitikia marahaba huku akimtazama mwanawe amelala fofofo.

Basi, wazazi, epukeni haya:

Kumwacha mtoto alale na kidani.

Kuona haya kuisikia sauti yake yenyewe.

Sigara, na pombe.

Kubembeleza koo kwa tangawizi wakati sauti imekwaruza wiki tatu.

Kuitikia salamu kabla hamjaona midomo ikicheza.